Namna ya kupata warsha ya uandishi bunifu Afrika Mashariki ukiwa unaandika kwa Kiswahili

Warsha nyingi nzuri hujaa kabla tangazo halijafika kwenye kundi lako la WhatsApp. Upendeleo upo, tusidanganyane, lakini sababu kubwa ni kwamba nafasi huwa 10 au 15 tu, na mratibu huanza kwa kuwaandikia watu ambao ameshasoma kazi zao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua zifuatazo hufanyika kabla hakujatangazwa chochote.

Hatua ya 1: Tambua ni warsha ya aina gani

Neno moja hubeba mambo manne. Kuna semina, ambapo mtu mmoja anazungumza mbele na wengine wanaandika kwenye daftari. Kuna warsha ya kusomeana, ambapo kila mshiriki analeta kazi na inajadiliwa mbele yake. Kuna ya mchapishaji anayetafuta vitabu vya watoto au vya ziada mashuleni. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulifundisha waandishi wengi kwa njia hiyo. Halafu kuna ile ya kupewa chumba na chakula wiki kadhaa uandike kwa utulivu, mara nyingi bila mwalimu.

Ukitaka kujua kama "warsha ya kusomeana" ni ya kweli, piga hesabu. Hadithi moja ikijadiliwa vizuri inataka dakika 20. Washiriki 25 ni dakika 500, yaani zaidi ya saa 8. Ratiba ya siku mbili ikionyesha saa 2 tu za kusomeana, basi kazi kama 6 zitasomwa na waliobaki watapiga makofi. Omba ratiba kabla ya kuomba nafasi. Mratibu asiyekuwa nayo hajajiandaa.

Hatua ya 2: Anza na vikao

Kikao cha waandishi cha kila wiki au kila mwezi ndicho kinachotoa majina ya washiriki wa warsha. Kampala, FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kikao cha kila Jumatatu. Nairobi, AMKA, jukwaa la wanawake waandishi, limejulikana kwa kukutania Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Wajerumani, na kusoma kazi za washiriki, na maktaba zinazosimamiwa na shirika la Book Bunk (McMillan, Kaloleni na Makadara) huwa na shughuli za wasomaji na waandishi. Dar es Salaam, ulizia Soma Book Café, Mikocheni. Piga simu kabla ya kupanda daladala, kwa sababu ratiba za vikao hivi hubadilika fedha za wafadhili zinapokatika. Usiamini ukurasa ambao tangazo lake la mwisho ni la mwaka juzi.

Washairi wa arudhi, yaani wanaofuata vina na mizani, wana njia yao, nayo ni ya zamani kuliko hizi zote: ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo, vipindi vya redio, na malenga wenyewe kwa wenyewe. Shairi lako likijibiwa gazetini, umeshaingia kwenye jamvi.

Ukiwa mbali na miji hiyo, anzisheni kikao chenu. Watu 5 hadi 8 wanatosha. Kazi isizidi maneno 1,500, itumwe siku 4 kabla, na mwenye kazi anyamaze dakika 15 za kwanza wakati wenzake wanaijadili. Sharti hilo la kunyamaza ndilo linalovunjwa kila mara: mwandishi anaanza kueleza alichokusudia, na wasomaji wanaacha kusema walichokiona. Msidharau udogo wa kikundi. Jalada, jukwaa la waandishi lililoanza Nairobi 2013, lilitokana na watu waliokutana warshani wakakataa kutawanyika.

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya tuzo

Tuzo si warsha, ila waratibu huokota majina kwenye orodha za mwisho za tuzo. Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika kwa Kiingereza, ilianza kuwa na warsha yake 2003, na walioingia kwenye orodha yake fupi ndio waliofikiriwa kwanza. Kwa Kiswahili, fuatilia mbili. Ya kwanza ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa Aprili 13 tangu 2023. Ya pili ni tuzo ya fasihi iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell.

Angalizo: tuzo nyingi hutaka mswada ambao haujachapishwa, na wengine huhesabu Facebook kuwa ni kuchapisha. Usiweke sura nzima mtandaoni kabla hujasoma masharti.

Hatua ya 4: Soma tangazo mstari kwa mstari

Lugha. Tangazo la kikanda lisipotaja lugha, chukulia ni Kiingereza. Andika barua pepe ya mstari mmoja: "Je, mnapokea sampuli kwa Kiswahili?" Sampuli ni kipande cha kazi yako wanachokisoma ili wakuchague. Wakikuambia utume na tafsiri, taja aliyeifanya.

Saa. Hapa watu hupoteza nafasi kizembe. "23:59 GMT" ni saa 8:59 usiku kwetu, siku inayofuata. "23:59 EAT", yaani kwa saa za Afrika Mashariki, ni saa 5:59 usiku wa siku ileile. Na "12:00" bila maelezo inaweza kuwa adhuhuri au usiku wa manane, wala si saa 12 unayoijua wewe. Tuma siku mbili kabla, maana siku ya mwisho fomu za mtandaoni hukwama.

Fedha. Warsha ya kulipia si lazima iwe ya utapeli. Lakini anayekutaka utume hela kwenye namba ya mtu binafsi "kuthibitisha nafasi" kabla hujaona ratiba wala jina la mwezeshaji, mwache. Ingia kwenye ukurasa wa mwezeshaji mwenyewe uone kama anaijua hiyo warsha. Uliza pia nauli na malazi ni juu ya nani.

Haki. Kumpa mratibu ruhusa ya kuchapisha hadithi mara moja kwenye mkusanyiko ni jambo la kawaida. Sentensi inayosema mshiriki "anakabidhi haki zote" si ya kawaida. Omba ibadilishwe, la sivyo peleka hadithi nyingine usiyoijali sana.

Hatua ya 5: Andaa sampuli

Wakitaka maneno 2,000, peleka 1,900. Usipeleke mwanzo wa riwaya kwa sababu tu ni mwanzo: wasomaji wa sampuli wamechoka na kulipopambazuka, jogoo kuwika na mhusika kupiga miayo. Tafuta ukurasa ambao watu wawili chumba kimoja wanataka vitu tofauti, kisha weka juu yake sentensi 3 za kueleza tulipofika.

Ukiandikia simu, zima usahihishaji wa Kiingereza, maana hubadilisha maneno ya Kiswahili kimyakimya. Hifadhi kwa PDF, na faili liwe na jina lako pamoja na jina la kazi. "Hadithi mpya final2" hupotea kati ya mafaili 300. Ila kama sampuli zinasomwa bila majina, fuata agizo hilo na uondoe jina hata kwenye kurasa za ndani.

Mashairi yawe 3 hadi 5. Ya arudhi yahesabiwe kwa sauti, si kwa macho: "mtoto" ni mizani (silabi) tatu, "ndoto" ni mbili. Mshororo mmoja wenye mizani 17 katikati ya mishororo ya mizani 16 huonekana mara moja kwa anayejua.

Hatua ya 6: Jibu swali la "kwa nini unataka kushiriki?"

"Napenda kuandika tangu utotoni" ni jibu la kila mtu. Linganisha na hili: "Nina mswada wa maneno 38,000. Katika sura ya 4 msimulizi anahama kutoka nafsi ya kwanza kwenda ya tatu, na wasomaji wawili walipotea hapo. Nataka kuifanyia kazi sehemu hiyo." Mwezeshaji akisoma hivyo anajua siku ya kwanza ataanza na wewe wapi. Wasifu wako usizidi maneno 100. Shahada ya uhasibu haihitajiki humo.

Hatua ya 7: Ukikataliwa, usifunge mlango

Jibu barua ndani ya siku mbili, kwa mistari miwili: unashukuru, na unaweza kuja hata ukiitwa kwa taarifa ya siku 3. Karibu kila warsha humpoteza mshiriki mmoja au wawili wiki ya mwisho, kwa kunyimwa ruhusa kazini au kukosa nauli. Mratibu akishalipia chumba hataki kibaki kitupu, na atampigia aliyesema yuko tayari.