Maelezo binafsi ya kuomba shahada ya sheria Uingereza, hatua kwa hatua

Anayeomba shahada ya kwanza ya sheria Uingereza hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, na humo huandika maelezo binafsi mara moja tu. Maandishi hayohayo husomwa na vyuo vyote alivyochagua, hadi vitano. Kuanzia maombi ya kuingia chuo mwaka 2026, insha moja ndefu imeondolewa na badala yake kuna maswali matatu: kwa nini unataka kusoma fani hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kujiandaa, tena kina faida gani. Miongozo mingi mtandaoni bado ni ya mfumo wa zamani, kwa hiyo tazama tarehe kabla ya kuifuata.

Wanaosoma ni wahadhiri wa sheria au maofisa wa udahili. Mtu anayependa haki hawamtafuti, maana kila mwombaji anasema anaipenda. Wanamtaka anayeweza kusoma jambo gumu, akaona tatizo liko wapi, akalijadili bila kupayuka.

Hatua ya 1: Gawa nafasi

Una herufi 4,000 kwa majibu yote matatu, nukta na nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kila jibu lisipungue herufi 350. Kwa Kiingereza hiyo ni kama maneno 600 hadi 650, yaani kidogo kuliko unavyodhani. Kwa fani ya sheria tunashauri herufi 1,500 swali la kwanza, 1,600 la pili na 900 la tatu. Andika kwenye programu yako ya kawaida kisha nakili. Fomu haikubali herufi nzito wala za mlazo, basi jina la kesi liache lilivyo: Donoghue v Stevenson.

Hatua ya 2: Kusanya kabla ya kutunga

Chora safu tatu. Ya kwanza: ulichosoma, ulichosikiliza au ulichofanya. Ya pili: swali lililokujia. Ya tatu: ulifanya nini ili kulijibu. Mstari wenye safu ya kwanza tu, ufute, hata kama ni cheti chenye muhuri wa dhahabu. Ukibaki na mistari minne au mitano iliyojaa, umepata malighafi ya kutosha. Ukibaki na mmoja, usianze kuandika, rudi ukasome.

Hatua ya 3: Swali la kwanza, chimba kesi moja

Hapa ndipo wengi huanguka. Huanza na "tangu utotoni", wakaleta nukuu ya Mandela, kisha wakataja kesi tano kwa mpigo. Kesi tano zilizotajwa hazina uzito wa moja iliyochambuliwa. Na kama kesi yako ni ile ya konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi (ndiyo Donoghue v Stevenson), kumbuka kwamba msomaji ameshaisoma kwa waombaji wengine tangu asubuhi. Haijakatazwa, ila uwe na jambo jipya la kusema.

Kesi ya nyumbani mara nyingi hukupa nafasi zaidi. Chukua ya mwanaharakati Rebeca Gyumi: mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa ya Serikali.

Jibu dhaifu: "Kesi hii ilinigusa sana na kunionyesha umuhimu wa kutetea wasichana." Hilo anaweza kuliandika mtu aliyesoma kichwa cha habari tu.

Jibu lenye nguvu: "Mahakama iliipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha vifungu hivyo. Nilijiuliza, kama kifungu kinakiuka Katiba, kwa nini kiendelee kutumika hata siku moja? Mwanzoni niliona ni woga. Baadaye nikaona kwamba kutunga umri mpya ni kazi ya Bunge. Bado sijaridhika: mwaka ukipita bila marekebisho, hukumu inamlinda nani?"

Tazama mpangilio wake: tukio, swali, maoni ya kwanza, kilichoyatikisa, na pale ulipofika. Hulazimiki kuwa na jibu la mwisho. Unalazimika kuwa umesoma kweli, kwa sababu Oxford na Cambridge huwafanyia usaili waombaji waliopita mchujo, na mstari uliouandika unaweza kugeuzwa swali mbele yako.

Hatua ya 4: Swali la pili, onyesha ujuzi

Matokeo na majina ya masomo tayari yamo kwingine kwenye fomu, usiyarudie. Eleza ulichojifunza kufanya. Aliyesoma Historia aseme jinsi alivyolinganisha taarifa za Wajerumani na masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji, na kwa nini aliamini moja kuliko nyingine. Huko ni kupima ushahidi. Wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) wana hazina wasiyoiona: kuchambua shairi ambalo neno moja linabeba maana mbili ni mazoezi mazuri ya kusoma kifungu cha sheria chenye utata. Wa Hisabati waseme habari ya kuthibitisha.

Hatua ya 5: Swali la tatu

Fupi. Kazi yoyote inafaa, hata kaunta ya kutuma pesa, mradi useme uligundua nini: mteja aliyekosea namba alidai nini, na nani alistahili kubeba hasara. Kama umekaa Mahakama ya Mwanzo kusikiliza, eleza ulichokiona kwa mtu asiye na wakili. Jina la wakili maarufu uliyemfuata ofisini halikuongezei kitu.

Hatua ya 6: Kata na ukague

Soma kwa sauti. Futa kila sentensi ambayo mwenzako angeweza kuitia kwenye fomu yake bila kubadilisha neno. Usitaje chuo kwa jina, kwani vingine vinne vitaisoma. Usinakili: UCAS hulinganisha maandishi na kuvijulisha vyuo yakifanana, na kuachia programu ya akili bandia ikutungie yote kunaweza kuhesabiwa udanganyifu.

Hatua ya 7: Tuma mapema

Mwisho wa maombi ya Oxford na Cambridge ni 15 Oktoba, saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo Afrika Mashariki ni saa 2 usiku. Kozi nyingi nyingine za sheria hufungwa Januari, saa 12 hiyohiyo, lakini wakati huo kwetu ni saa 3 usiku kwa kuwa wameshabadilisha saa zao. Mwalimu anayekudhamini lazima aweke maoni yake kabla fomu haijatumwa. Mpe wiki tatu, na umkumbushe katikati.