Maquoketa na watoto wadogo: anza na viatu, pango baadaye

Jumamosi iliyopita jirani yangu, mama wa watoto watatu aliyetoka Uvira, alinipigia simu kuniuliza kama ni kweli hapa Iowa, Marekani, kuna mapango ambayo mtu anaingia na watoto bila kulipa kiingilio. Ni kweli. Tulikaa jikoni kwangu tukaipanga safari nzima, yeye akiandika nyuma ya bahasha. Alipoondoka nikaona heri niyaweke yote mahali pamoja, maana kila ikifika Mei kuna mama mwingine anayeniuliza maswali yaleyale.

Mahali penyewe ni Maquoketa Caves State Park, hifadhi ya jimbo iliyo kaunti ya Jackson, kilomita kama 11 kaskazini magharibi mwa mji wa Maquoketa. Wenyeji hutamka "Makoketa". Kuna mapango 13 na njia za miguu za kilomita karibu 10, nyingi zikiwa na ngazi za mbao. Wanangu wana miaka tisa, sita na miwili, na nimekwenda nao mara nne.

Hatua ya 1: Chagua siku

Mapango hufungwa kila mwaka kuanzia Oktoba 15 hadi Aprili 14, kwa sababu popo wako kwenye usingizi wa baridi. Njia za juu hubaki wazi, lakini usimwahidi mtoto pango mwezi wa kumi na moja.

Nenda katikati ya wiki. Kama huna budi Jumamosi, fika kabla ya saa tatu asubuhi. Usiende siku inayofuata mvua kubwa, kwa kuwa kijito cha Raccoon Creek kinapita ndani ya pango kubwa.

Hatua ya 2: Viatu na nguo

Hapa nitakaa, kwa sababu hatua hii ilinila saa tatu na machozi ya watoto wawili.

Desemba ile tulikuwa likizo Tanga kwa mama yangu, na tukawapeleka watoto mapango ya Amboni, ambako mimi mwenyewe nilipelekwa na shule nikiwa darasa la tano. Juni iliyofuata tukaenda Maquoketa. Kabla hatujashuka bondeni, mhudumu wa hifadhi akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuingia pango jingine. Binti yangu akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, kwa bibi, na kule kuna popo wengi sana. Mhudumu akachuchumaa mbele yake akamuuliza siku hiyo ulivaa viatu gani. Binti akanyoosha mguu: hivihivi. Kaka yake naye hivyohivyo. Na kanga niliyombebea mdogo wao ilikuwa ileile.

Nikamwambia mhudumu kwamba vyote vimefuliwa, tena kwa sabuni. Akanieleza kwa upole kuwa kufua kwa kawaida hakutoshi. Tukarudi mjini kutafuta raba, na tuliporudi maegesho yalikuwa yamejaa. Tulingoja ndani ya gari hadi saa nane mchana. Mdogo alikuwa amelala, wakubwa wamechoka, na hamu yote imekwisha.

Sababu yake ni hii. Kuna maradhi yanayoitwa ugonjwa wa pua nyeupe. Yanaletwa na ukungu wa aina ya kuvu unaopenda baridi, jina lake la kisayansi Pseudogymnoascus destructans, ambao huota puani na kwenye mbawa za popo wakati amelala usingizi wa majira ya baridi. Ukungu ukimla ngozi, popo anazinduka mara kwa mara, na kila akizinduka anachoma mafuta aliyojiwekea ya kuvukia miezi isiyo na wadudu. Mafuta yanakwisha kabla ya majira kubadilika, naye anakufa kwa njaa. Hapa Marekani maradhi haya yalionekana kwanza jimbo la New York, majira ya baridi ya 2006, na tangu hapo yameua mamilioni ya popo. Binadamu hatuambukizwi, ila mbegu za ukungu tunazibeba kwenye matope yaliyoganda chini ya soli, kwenye mshono wa begi, hata kwenye ukanda wa taa. Wataalamu wanaamini ukungu huo ulivuka bahari kutoka Ulaya. Kwa hiyo aliyeniuliza habari za Amboni hakuwa akinisumbua bure. Pango ni pango, na bahari haizuii kiatu. Mapango ya Maquoketa yenyewe yalifungwa mwaka 2010 kwa hofu hiyo, yakafunguliwa tena 2012.

Sasa la kufanya.

Tenga viatu na nguo ambazo hazijaingia pango lolote jingine. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kukumbuka kitu asubuhi ya safari. Mimi nina mfuko mmoja wa Maquoketa tu: raba tatu za watoto, suruali, soksi, kanga moja, taa. Haviendi popote pengine.

Usihesabu viatu peke yake. Pitia kofia, sweta, begi la mgongoni, chupa za maji, kamba za viatu, tochi, kitambaa cha kubebea mtoto. Mtoto wa miaka mitatu hana kumbukumbu ya sweta aliyovaa mwaka jana. Wewe angalia picha za safari zenu kwenye simu, utaona alivaa nini.

Wageni wakija kutoka majimbo mengine, waulize kabla hawajafunga mabegi. Ndugu zetu wengi wako Louisville na St. Louis, na Kentucky na Missouri ni nchi za mapango. Kule Mammoth Cave, pango mashuhuri la Kentucky, ugonjwa huu ulithibitishwa mwaka 2013. Shemeji yangu alikuja na mabuti mazuri ya kupandia milima, nikamwomba ayaache garini avae raba za mume wangu.

Kama huna cha kubadilisha, kuna njia ya maji ya moto: ondoa matope yote kwanza, kisha zamisha kitu chote kwenye maji yasiyopungua nyuzi 55 za selsiasi kwa dakika 20 mfululizo. Maji hupoa haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo tumia kipimajoto cha jikoni na uongeze maji ya moto kila yanaposhuka, na watoto wakae mbali na beseni. Gundi ya viatu vya bei nafuu huachia. Viatu vya ngozi vinaharibika. Ndiyo maana nasema nunua vya mtumba, dola chache tu, uvitenge. Vya mtumba navyo vipitishe kwenye maji ya moto mara moja, maana hujui aliyekuwa navyo alivivaa wapi.

Kuhusu aina: raba za kufunga kwa kamba, zenye soli ya kushika. Malapa hapana, na vile viatu vya plastiki vyenye matundu hapana kabisa. Matope ya Maquoketa yanavivua mguuni na kubaki navyo. Gambuti zinafaa kwenye mvua ila mtoto haoni anapokanyaga, na maji yakishaingia ndani anatembea na ndoo mbili. Suruali ndefu, hata Julai. Sweta nyepesi kwa kila mtoto.

Hatua ya 3: Taa

Kila mtoto taa yake ya kichwani. Tochi ya mkononi humnyang'anya mtoto mkono mmoja, na ndani ya pango anaihitaji yote miwili. Napendelea zile za betri za kununua kuliko za kuchaji; mtoto akiiacha inawaka garini, unabadilisha betri na safari inaendelea. Simu si taa. Mimi hubeba tochi moja ya ziada mfukoni, na siitoi mpaka ihitajike.

Hatua ya 4: Zoezi la giza, nyumbani

Wiki moja kabla, ingia chooni au stoo na mtoto, zimeni taa, mhesabu hadi kumi. Swichi ashike yeye. Kesho yake hadi ishirini. Mwanangu wa kati alikuwa akilia tukifika tano, na siku ya nne akaniomba tufike mia.

Wiki hiyo hadithi za popobawa, lile jini la usiku, zisimamishwe, na shangazi zake waambiwe. Mtoto akienda pangoni na popobawa kichwani, popo wa kweli, mnyama mdogo wa kutoshea kiganjani, atamtia hofu isiyomstahili. Mweleze kuwa popo huyu anakula wadudu, kwamba mchana analala, na kwamba sisi ndio tunaoingia chumbani kwake. Wangu huingia wakinong'ona, bila kukumbushwa.

Hatua ya 5: Aliye mdogo abebwe kwa kanga

Kigari cha mtoto kiache nyumbani. Kuna ngazi kila upande.

Najua watu wanapenda vile viti vya fremu vya kubebea mtoto mgongoni, na kwenye njia za juu havina ubaya. Pangoni ni hatari. Mtoto anakaa juu kuliko kichwa chako, na wewe ukiinama kupita penye dari ya chini, yeye ndiye anayeligonga jiwe. Kwa kanga, kichwa cha mtoto kinakaa chini ya shingo yako: ukipita wewe, naye kapita. Funga kwa juu, kifuani, kama mama zetu walivyofunga wakienda shamba, uingize mkono nyuma kila baada ya muda kidogo uhakikishe kichwa kiko upande. Penye kutambaa usiingie na mtoto mgongoni kwa namna yoyote ile.

Hatua ya 6: Chakula

Maandazi na maji. Mle nje, kwenye meza, kabla ya kushuka. Pangoni hakiliwi kitu.

Hatua ya 7: Dancehall kwanza

Hili ndilo pango kubwa, mita kama 335, lenye taa za umeme na njia ya saruji ndani, na kijito kikipita pembeni. Jina lake linatokana na dansi za watu wa zamani. Mtoto anayeogopa humaliza hili hata kama hataingia jingine lolote.

Ingia ukiwa wa mwisho, si wa mbele. Mtoto mkubwa atangulie, mdogo katikati, mtu mzima nyuma na mwingine mbele kama mko wawili. Saruji huwa na unyevu, hivyo hakuna kukimbia. Mkifika penye nafasi simameni pembeni wengine wapite, mwambie mtoto aguse maji kwa kidole, asikilize matone. Hapo ndipo huwaeleza wangu pango limetengenezwaje: mvua inashuka ikichukua hewa ya kaboni angani na kwenye udongo, inakuwa na uchachu mdogo sana, inapenya nyufa za mwamba na kuuyeyusha kidogo kidogo kwa muda usiohesabika. Binti yangu aliuliza kama ni kama limau kwenye magadi. Ni jamaa moja.

Kisha waonyeshe dari. Zamani mapango haya yalikuwa na mawe mengi yaliyoning'inia kama meno, yakavunjwa na watu wa kale waliotaka kumbukumbu ya kupeleka nyumbani. Mtoto akiliona kovu la jiwe lililovunjwa, humwambii tena asiguse.

Akilia, mtoke. Usimbembeleze zaidi ya dakika mbili, usimlinganishe na dada yake. Pumzikeni nje, na mara nyingi mwenyewe ataomba kurudi.

Hatua ya 8: Pango la pili

Moja tu. Ice Cave, ukutane na ule ubaridi mlangoni siku ya joto, au Rainy Day, kwa anayependa maji. Wye, Steelgate na Hernando's Hideaway ni za kutambaa penye wembamba. Zingoje miaka kumi na kuendelea. Mtoto asiingie tundu ambalo wewe huwezi kumfuata, hata kama anaona mwanga upande wa pili.

Hatua ya 9: Njia za juu

Nendeni hadi Natural Bridge, daraja la jiwe lililo karibu mita 15 juu ya kijito, na Balanced Rock, jiwe la tani 17 lililokaa juu ya kitako chembamba. Wangu wanalipenda hilo jiwe kuliko mapango yote.

Mkono wa mtoto usiuachie huko juu. Kuna kingo za majabali zisizo na reli, na majani makavu huficha ukingo. Mwonyeshe pia mmea wa majani matatu matatu, poison ivy, unaotoa malengelenge ya kuwasha kwa siku nyingi. Wangu wanajua kuwa majani matatu hayaguswi, haidhuru ni mmea gani.

Hatua ya 10: Kutoka

Viatu vivuliwe kwenye maegesho, viingie mfuko wa plastiki vikiwa na matope yake. Nguo za kubadilisha ziwe kiti cha mbele, si chini ya mizigo.

Mkifika nyumbani, watoto waende moja kwa moja bafuni mkawatafute kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, nyuma ya magoti, kwenye nywele palipogawanywa mistari. Iowa kuna kupe wa miguu myeusi, wanaoleta homa ya Lyme, na akiwa mchanga ni mdogo hata kuliko ufuta. Mng'oe kwa kibano, ukishika karibu kabisa na ngozi na kuvuta wima, bila mafuta wala kiberiti. Tazama tena kesho yake asubuhi.

Viatu viosheni, vikauke juani, virudi kwenye mfuko wake. Wangu nimeuandika kwa kalamu ya wino mzito: MAQUOKETA TU, SI AMBONI.