Pikoboli ya wawili wawili: mimi na Yaya tunavyojiandaa kwa mashindano

Pikoboli (pickleball) ni mchezo wa raketi na mpira wa plastiki, na kiwanjani kuna sehemu inaitwa jiko. Ni ukanda wa mita 2.13 kila upande wa wavu, na ukiwa umeukanyaga huruhusiwi kuupiga mpira hewani kabla haujadunda. Siku nilipomwambia mama kwamba tumefungwa kwa sababu niliingia jikoni, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ndivyo ilivyo: mechi za wawili wawili huamuliwa mlangoni mwa jiko, na karibu yote nitakayoeleza hapa ni njia ya kufika pale na kubaki pale.

Mimi nimetoka kwenye tenisi. Mwenzangu, ninayemwita Yaya kwa kuwa amenizidi umri, alicheza badminton miaka mingi. Tunafanyia mazoezi hapa Lubumbashi.

Hatua ya 1: Pata kiwanja

Usingoje kiwanja maalumu. Pikoboli inachezwa kwenye mita 13.41 kwa 6.10, vipimo vilevile vya badminton ya wawili wawili. Wazee waliouanzisha mchezo huu 1965 kwenye kisiwa cha Bainbridge, Marekani, walianzia kwenye kiwanja cha badminton, basi nawe anza hapo. Angalia tu mtego mmoja: mstari wa mbele wa badminton uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Huo si mstari wa jiko. Chora wako kwa chaki, sentimita 15 nyuma yake.

Kama umeazimwa kiwanja cha tenisi, vuta wavu chini katikati hadi sentimita 86.4; pembeni unatakiwa uwe 91.4.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Asubuhi za Juni na Julai ni za baridi, na mpira wa plastiki hukakamaa ukapasuka upesi, kwa hiyo tunaanza jua likishapanda. Vumbi jekundu la kiangazi nalo hugeuza saruji kuwa sabuni. Fagia kwanza. Tena tuko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali kidogo. Ukisafiri kucheza mji wa pwani, mipira yako itaangukia wavuni siku ya kwanza. Fika mapema uzoee.

Hatua ya 2: Mpira wa tatu

Hapa ndipo tunapotumia zaidi ya nusu ya mazoezi, na ningekuwa na saa moja tu kwa juma ningeimalizia hapa.

Kanuni inasema servisi lazima idunde, na mpira unaorudishwa nao lazima udunde. Maana yake ni kwamba wanaopokea wanarudisha kisha wanakimbilia mstari wa jiko, huku ninyi mliofanya servisi mmebaki nyuma mkisubiri. Wao wamesimama mlangoni, ninyi mko uani. Ukipiga kwa nguvu, wanakuzuia na kukurudishia miguuni. Kwa hiyo mpira wa tatu, yaani unaofuata servisi na ule uliorudishwa, tunaudondosha: tunaupiga polepole, uvuke wavu ukiwa tayari unashuka, uangukie ndani ya jiko lao. Hapo watalazimika kuuinua, nanyi mnapata nafasi ya kusogea.

Zoezi letu: Yaya anasimama kwenye mstari wa jiko na kunitupia mipira, mimi niko mwisho wa kiwanja. Nahesabu kumi mfululizo. Ukikosa wa tisa, unaanza moja. Inaudhi, najua. Kumi zikitimia, kila mpira unafuatwa na hatua mbili mbele, na mpinzani anapopiga, miguu iwe imesimama. Anayepiga huku anakimbia hana mikono.

Songeni pamoja, kana kwamba mmefungwa kamba moja kiunoni. Mmoja akienda mbele peke yake, mmefungua dirisha katikati. Mkishafika jikoni, chezeni mipira ya polepole ya kukingama, maana njia ya mshazari ni ndefu na wavu uko chini katikati. Msiharakishe. Piga kwa nguvu pale tu mpira umeinuka juu ya wavu.

Mpira wa katikati ni wa nani? Kwetu ni wa yule ambaye mkono wake wa mbele (forehand) uko katikati. Na semeni! "Yangu!" "Acha!" Pea ya kimya inagongana raketi.

Hatua ya 3: Kuhesabu

Anayefanya servisi ndiye tu anayeweza kupata pointi. Seti ni 11, kwa tofauti ya 2. Tarakimu hutajwa tatu: pointi zetu, pointi zao, na mimi ni wa ngapi kwenye servisi. Kila upande wote wawili hupata servisi, isipokuwa pea inayoanza seti: hiyo hupata mmoja tu, ndiyo maana mechi inaanza "sifuri, sifuri, mbili". Aliyeanza servisi huwa kulia pointi zenu zikiwa 0, 2, 4 na kuendelea.

Soma kanuni za kila shindano. Kwenye ligi ya timu ya Major League Pickleball, kwa mfano, hesabu iliwahi kuwa nyingine kabisa.

Hatua ya 4: Usajili

Hakikisha raketi yako imo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Mashindano mengi huuliza pia kiwango chako cha DUPR, mfumo wa kupima uwezo wa wachezaji wa pikoboli, kinachoanzia 2 hadi 8; hupandi bila mechi zilizoandikwa, basi andikisha matokeo mapema. Pasi na viza zianze miezi kabla.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Bukari (ugali) uile usiku wa kuamkia mashindano. Asubuhi, kitu chepesi.

Mna mapumziko mawili ya dakika moja kwa kila seti. Wengi huyatunza mpaka seti imeshakwenda. Sisi tunaomba wapinzani wakishapata pointi tatu mfululizo, hata kama ni mapema.

Pasipo mwamuzi wa mistari, kila pea huamua mipira ya upande wake. Mkitofautiana, Yaya akisema nje na mimi nikisema ndani, mpira ni wa ndani. Usimbishie mwenzako mbele ya watu.

Na jiko. Tulikuwa 9 kwa 9, nikapiga smashi ambayo hakuna aliyeigusa. Watu wakapiga makofi. Mwendo ukanisukuma, kidole cha kiatu kikagusa mstari baada ya mpira kuwa umekwisha kufa, na mwamuzi akainua mkono. Ni kosa, hata hivyo. Hata kofia ikikudondoka mle kwa mwendo huohuo, ni kosa. Tangu siku hiyo, kila mazoezi namaliza kwa smashi ishirini, na Yaya hatazami mpira. Anatazama viatu vyangu.