Somo: Jinsi chaji kontrola ya MPPT inavyotafuta kilele cha nguvu ya paneli

Chaji kontrola, yaani kifaa kinachokaa kati ya paneli ya sola na betri, za aina ya MPPT (Maximum Power Point Tracking, kufuatilia kilele cha nguvu) huuzwa kwa ahadi ya kuongeza umeme hadi asilimia 30, na mnunuzi asiyejua kinachofanyika ndani ya kifaa hicho hana namna ya kuithibitisha ahadi hiyo. Nia ya somo hili ni kukuwezesha kupima na kukokotoa mwenyewe, kwa sababu faida halisi hutegemea paneli uliyonayo na joto la mahali unapoishi.

Hatua ya kwanza: kione kilele kwa mita yako

Paneli ya wati 100 yenye seli 36 huandikwa nyuma yake takriban volti 18 na ampea 5.5. Namba hizo zilipimwa kiwandani, seli zikiwa na nyuzi 25 za selsiasi na mwanga ukiwa wati 1000 kwa kila mita ya mraba. Huku pwani wakati wa kaskazi, seli zilizo juu ya bati zinaweza kufika nyuzi 60, na kwa kuwa paneli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25, wati 100 hubaki kama 86 hata kabla hujafunga waya wowote.

Chukua koili mbili za jiko la umeme la wati 1000, zilaze juu ya matofali na uzifunge sambamba. Ncha zake za upande mmoja ziunganishe na waya hasi wa paneli. Waya chanya upitishe kwenye mita iliyowekwa kipimo cha ampea 10, kisha uishie kwenye kibanio kinachobana koili zote mbili na ambacho unaweza kukihamisha. Mita ya pili isome volti za paneli. Kila unapotaka kuhamisha kibanio, funika kwanza paneli kwa blanketi, kwa sababu umeme wa sola ukikatwa ghafla hutoa cheche, na koili zenyewe huwa za moto.

Kibanio kikiwa karibu moja ya tano ya urefu wa koili kutoka ncha za waya hasi, tarajia kusoma kama volti 18.2 na ampea 3.6, yaani wati 65. Kisogeze kuelekea ncha hizo, utafika volti 16 na ampea 5.2, yaani wati 83. Kisogeze zaidi: ampea zitaongezeka kidogo tu hadi 5.5, lakini volti zitaporomoka hadi 11, na nguvu itarudi kwenye wati 60. Jua ni lile lile na paneli ni ile ile. Kilichobadilika ni mzigo peke yake. Zile wati 83 ndizo kilele, na kazi yote ya MPPT ni kufanya kwa umeme kile ulichokifanya kwa kibanio.

Hatua ya pili: elewa kazi ya swichi

Kontrola ya PWM, ile aina ya kawaida isiyotafuta kilele, huunganisha paneli moja kwa moja na betri, hivyo betri yenye volti 13 huivuta paneli hadi volti hizo hizo na kilele kikaachwa. Kontrola ya MPPT ina swichi inayowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, pamoja na koili inayolainisha mkondo. Kwa kurefusha au kufupisha muda wa kuwaka, huiacha paneli ikae kwenye volti 16 huku betri ikibaki na 13 zake, na tofauti ya volti hugeuka kuwa ampea za ziada.

Hatua ya tatu: jua mbinu ya kutafuta

Kilele huhama kila wingu linapopita, kwa hiyo lazima kitafutwe tena na tena. Mbinu iliyoenea zaidi ni ya kusukuma na kutazama. Kontrola huongeza volti za paneli kidogo, tuseme kutoka 15 hadi 15.5, kisha huzidisha volti kwa ampea. Ikiwa wati zimepanda, huendelea upande ule ule, na zikishuka, hugeuka. Hatua zikiwa kubwa hufika haraka lakini huyumba sana kileleni. Zikiwa ndogo hutulia lakini huchelewa. Udhaifu wake mkubwa huonekana siku za mawingu yanayokimbia: jua likichomoza ghafla wati hupanda, na kontrola hudhani imesukuma upande sahihi ingawa inakimbia kilele.

Mbinu ya pili hulinganisha badiliko la ampea kwa badiliko la volti na uwiano wa ampea kwa volti zenyewe. Kileleni viwango hivyo hulingana, kimoja kikiwa hasi, kwa hiyo kontrola hujua imefika na pia hujua iko upande gani. Huhitaji vipimo makini zaidi, lakini kwa mawingu naiona bora.

Mbinu ya tatu hukata paneli kwa kitambo, husoma volti zake bila mzigo, kisha huchukua kama asilimia 76 ya hizo. Ni rahisi, lakini ni makadirio.

Hatua ya nne: kokotoa kabla ya kununua

Kwa paneli yetu yenye joto, PWM itatoa kama ampea 5.4 kwenye betri ya volti 13. MPPT yenye ufanisi wa asilimia 95 itatoa wati 79, yaani ampea 6.1. Faida ni kama asilimia 12, na kwa fedha ya kununulia MPPT pengine ungeongeza paneli nyingine. Lakini ukiwa na paneli ya seli 60 ya wati 250, ambayo kilele chake ikiwa na joto ni kama volti 26 na ampea 8.2, PWM itakupa wati 110 na MPPT wati 200. Hapo kutonunua MPPT ni kuutupa umeme wako.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Saa sita mchana kontrola yangu husoma wati 20 tu, ilhali asubuhi ilisoma 150. Je, imeharibika?

Jibu: Marahaba. Tazama volti za betri. Betri ikikaribia kujaa, kontrola hukiacha kilele kwa makusudi ili isiichemshe. Washa friji au pasi kupitia inveta. Wati zikipanda mara moja, kontrola ni nzima.

Swali: Kivuli cha kuti moja la mnazi hunipunguzia zaidi ya theluthi ya umeme. Je, MPPT itaponya?

Jibu: Kwa sehemu tu, ndugu yangu. Seli zilizofunikwa hurukwa na dayodi za paneli (vipitisha umeme vya upande mmoja), na grafu ya nguvu hupata vilele viwili au zaidi. Mbinu ya kusukuma na kutazama inaweza kung'ang'ania kilele kifupi. Tafuta kontrola inayokagua volti zote kila baada ya muda, ila kwanza kata hilo kuti.

Swali: Niko Makete. Kontrola yangu imeandikwa volti 100. Naweza kufunga mfululizo paneli 3 za seli 60?

Jibu: Hapana. Kila moja ina takriban volti 38 bila mzigo, jumla 114, na asubuhi ya baridi ya Makete volti hupanda zaidi. Funga 2 tu kwa mfululizo, na uunganishe betri kwanza kabla ya paneli.