Kunyoa au kuacha singa za farasi: hatua ninazopitia kabla ya kushika mkasi

Farasi huku Kusini ni wachache kiasi kwamba ukipita na mmoja barabara ya Mtwara kwenda Lindi, watoto wanakufuata mpaka wachoke wenyewe. Mbung'o na visubi ndio wametufikisha hapo. Mimi ni saisi, natunza watatu hapa Mikindani, na kazi yao kubwa ni kutembeza wageni ufukweni asubuhi na jioni. Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: hizo singa ndefu za shingoni si uzinyoe tu upumzike?

Nimewahi kunyoa, na nilijuta. Siku hizi sigusi mkasi kabla sijapitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Itaje kero kwa jina lake

Kusema "zinanisumbua" hakutoshi. Zinajisokota? Zinajaa mchanga? Zinanuka jasho? Farasi anajikuna? Kila jibu lina dawa yake, na nyingi hazihitaji kunyoa.

Julai mwaka jana kijana ninayefanya naye kazi alinifuata mbio. "Kaka, tuzinyoe tu leo. Radi anajikuna mpaka banda linatikisika." Nikaingiza mkono chini ya singa, na kabla sijautoa kiganja kikaanza kuwaka. Upupu. Jana yake walikuwa wamekatiza njia ya nyuma ya mikorosho, na wakati huo maganda ya upupu yamekauka, ukiyagusa tu vumbi lake linaruka. Tulimpaka tope zito shingo nzima, tukaliacha likauke, tukalipangusa kwa gunia huku tumevaa glovu, kisha tukamwosha kwa maji mengi. Kesho yake alikuwa ametulia. Tungenyoa siku ile, mashine ingeusambaza upupu wote kwenye ngozi iliyo wazi.

Hatua ya 2: Soma ngozi

Gawanya singa mstari kwa mstari, kama msusi anayetaka kusuka twende kilioni, kuanzia nyuma ya masikio hadi mabegani. Fanya hivyo juani, usifanyie ndani ya banda. Tafuta kupe (wanapenda sana pale kwenye mashina), chawa, magamba na vidonda.

Ukiona mabaka ya duara yaliyonyonyoka, huenda ni mapunye. Hapo simama. Mwite daktari wa mifugo kwanza, kwa sababu mapunye yanahamia kwa farasi wengine na kwako wewe kupitia chanuo na mashine. Daktari mwenyewe akisema punguza ili dawa ifike, punguza.

Vidonda vya kujikuna kwa sababu ya visubi ni kesi nyingine. Watu wengi wanadhani singa ndizo zinazowafuga. Visubi hufuata damu, na singa ni kama chandarua kilichochakaa: hazizuii wote, lakini ukiziondoa umeandaa meza. Kumbuka pia kwamba visubi ndio wanaoeneza ule ugonjwa mbaya wa farasi wa Afrika, na wanatoka zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Dhidi ya huo singa hazikusaidii, kinachosaidia ni kumwingiza bandani kabla jua halijazama.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya dakika

Hii ndiyo hatua iliyonibadilisha mawazo. Chukua saa, pima.

Farasi mwenye singa ndefu namchana mara mbili kwa wiki, dakika 12 kila mara. Kwa mwezi ni kama dakika 96. Farasi aliyenyolewa anatakiwa kurudiwa kila wiki tatu hivi, maana zikianza kuota zinasimama kama mswaki na zinakuwa mbaya haraka. Kila kunyoa ni nusu saa, ukihesabu kumkamata, kumtuliza na kusafisha mashine. Mpaka hapo mnyoaji anaona ameokoa karibu saa nzima.

Sasa ongeza dawa ya wadudu. Shingo ikiwa wazi, mimi huipaka maji ya mwarobaini asubuhi na jioni, dakika moja na nusu kila mara. Dakika tatu kwa siku ni dakika 90 kwa mwezi. Saa uliyookoa imekwisha, na nyongeza juu.

Kwenye nyanda za baridi zisizo na wadudu wengi hesabu inaweza kutoka tofauti. Hapa pwani, pima mwenyewe uone.

Hatua ya 4: Farasi wako anafanya kazi gani?

Wachezaji wa polo hunyoa singa zote ili zisinase hatamu na fimbo ya kupigia mpira. Wanorwe wana farasi wao wa Fjord ambaye singa zake hukatwa fupi zisimame, za katikati nyeusi, za pembeni nyeupe, ni pambo kabisa. Hao wana sababu zao.

Wa kwangu wanabeba watu ambao hawajawahi kupanda hata punda. Mgeni akishtuka hakumbuki hatamu, anakamata singa. Na ni heri akamate singa kuliko avute lijamu na kuumiza mdomo wa mnyama. Kwa farasi wa wanaojifunza, singa ni mshikio, sawa na bomba la kushikia ndani ya daladala.

Hatua ya 5: Angalia kalenda

Nililoharibu mimi lilitokea Januari. Kaskazi inavuma, joto na unyevu, mvua kila baada ya siku mbili, na singa za farasi wangu Zawadi hazikauki. Nikaazima mashine kwa kinyozi wa mtaani. Mashine ile imeumbwa kwa kichwa cha mtu. Nilipofika robo ya shingo chuma kikawa cha moto, mimi sikuhisi, yeye akahisi. Akarusha kichwa, mashine ikachimba pengo katikati ya shingo upana wa kiganja. Pengo halifichiki. Ikabidi ninyoe zote.

Wiki iliyofuata shingo ilikuwa na vinundu vya kuumwa kutoka masikioni hadi mabegani. Singa za farasi hukua kama sentimita 2 kwa mwezi, na pengine chini ya hapo. Mwaka mzima baadaye za Zawadi zilikuwa zinaangukia pande zote mbili kama nywele za mtu aliyetoka kulala, na wageni walikuwa wakiniuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo kama ni lazima, subiri masika yapite na kusi ianze, kuanzia Juni. Kumekauka, upepo una nguvu, na visubi hawapendi upepo.

Farasi mwenye ngozi ya waridi chini ya manyoya mfikirie mara mbili, maana jua la hapa litamchoma.

Hatua ya 6: Jaribu njia za kati kwa wiki mbili

Nyoa nyuma ya masikio tu. Sehemu ya upana wa vidole viwili, pale mkanda wa hatamu unapokaa. Ndipo singa zinapojisokota kuliko kwingine, na wengi wakishanyoa hapo kero yao imekwisha.

Punguza urefu mpaka upana wa kiganja. Shika mkasi wima, ncha zikielekea juu, ukate kidogo kidogo. Ukikata kwa kulaza mkasi utapata mstari ulionyooka kama ukingo wa sanduku. Wapo wanaozing'oa nyuzi moja moja ili zipungue wingi. Mimi sing'oi, maana nimeona jinsi farasi wanavyokunja masikio.

Suka mabutu. Mke wangu ndiye aliyenifundisha: makubwa, malegevu, kila moja likibeba singa za upana wa kiganja, na uyafumue baada ya wiki. Ukiyakaza unakata mashina, tena farasi anashindwa kufukuza nzi kwa kutikisa shingo. Kabla ya kusuka paka mafuta ya nazi, yale tu yanayobaki kiganjani baada ya kujipaka mwenyewe. Ukizidisha, mchanga wote wa ufukweni unaganda humo.

Hatua ya 7: Kama bado umeamua kunyoa

Tafuta mashine ya wanyama, yenye meno mapana. Siku tatu au nne kabla, iwashe mbali naye huku anakula konzi la pumba, kila siku usogee kidogo. Siku yenyewe hakikisha ameoshwa na amekauka, kwa sababu mchanga unaua meno ya mashine kwa shingo moja tu. Na hakikisha umeme upo. Nusu shingo imenyolewa kisha umeme umekatika ni mandhari ambayo sitamani uione.

Kata kwanza kwa mkasi mpaka zibaki kama sentimita 4. Mwenzako ashike kichwa kikiwa kimeinama, ili mgongo wa shingo unyooke. Anzia mabegani kwenda masikioni, katikati kwanza, halafu upande mmoja, halafu wa pili. Kila baada ya dakika mbili weka chuma nyuma ya mkono wako. Kikikuchoma wewe kinamchoma na yeye: zima, tia mafuta, subiri kipoe.

Acha vitu viwili. Kwanza kishungi cha pajini, ndicho kinachofukuza nzi machoni. Pili konzi moja ya singa pale mabegani mbele ya tandiko, mgeni apate pa kushika.

Ukimaliza, zoa singa zote. Banda langu lina kuku, na mara ya kwanza niliziacha chini: jioni yake nilikaa na wembe nikimfungua jogoo miguu, singa zimemzunguka vidole mpaka vimevimba. Siku hizi nazifukia chini ya mkorosho.