Masika si mvua ya Dodoma: acheni kurudishia mahindi mwishoni mwa Februari

Utabiri wa Masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoka kabla ya Machi. Redio ikishautangaza tu, huku Dodoma na Singida watu wanang'oa mahindi yaliyopigwa na jua, wanafungua mfuko mwingine wa mbegu na kurudishia shamba zima. Ikifika Mei, shamba hilo lina mabua ya kupendeza na magunzi matupu. Tumelisema hili mikutanoni mpaka tumechoka, sasa naliandika.

Masika ni mvua ya Machi hadi Mei kwa maeneo yanayopata misimu miwili kwa mwaka: pwani ya kaskazini kama Dar es Salaam na Tanga, kaskazini mashariki kule Kilimanjaro, Arusha na Manyara, pamoja na ukanda wa Ziwa Victoria. Sisi wa tambarare za kati tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na utabiri wake ulishatangazwa kabla hata hatujapanda. Mwezi Machi ukanda wa mvua unarudi kaskazini, na kwetu unapita tu njiani. Kwa hiyo mtangazaji akisema Masika itakuwa nzuri, hazungumzii Kongwa ya Dodoma wala Manyoni ya Singida.

Hata ule utabiri wetu wenyewe watu wanausoma nusu. TMA ikisema "wastani", maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu, tena kwa jumla ya msimu wote. Desemba na Januari zinaweza kuijaza sehemu kubwa ya hesabu hiyo, halafu Februari ikapita kavu na utabiri ukabaki sahihi.

Haya, shika kalenda. Umepanda tarehe 25 Februari mbegu ya siku 90. Usiniambie "hii ni ya muda mfupi", ndiyo hiyo hiyo ninayoihesabu. Itatoa mbelewele, yale maua ya kileleni, siku ya 50 hivi, yaani tarehe 16 Aprili. Mahindi huhitaji maji kuliko wakati wowote wiki mbili kabla ya mbelewele na wiki mbili baada yake: 2 hadi 30 Aprili. Mvua yetu huwa inaaga Aprili hiyo hiyo. Kukomaa ni tarehe 26 Mei, vumbi likiwa limeshaanza. Mbegu ya siku 120 hata siihesabu. Mbolea utakayoweka hapo itaotesha majani ya ng'ombe, na ni majani ya gharama kubwa.

Lakini kabla ya kung'oa, hakikisha mahindi yamekufa kweli. Wengi mnang'oa mimea hai. Nenda shambani saa 12 asubuhi, usiende saa 8 mchana, maana mchana hata mmea mzima husokota majani. Yakiwa yamekunjuka asubuhi, mmea bado una nguvu. Yakiwa yamesokotwa hadi alfajiri, ng'oa miche mitano kutoka sehemu tofauti za shamba, uipasue kwa kisu kwa urefu kuanzia kwenye mizizi. Tazama moyo wa mche, yaani sehemu inayochipuza majani mapya: ukiwa mweupe na mgumu, uache. Ukiwa wa kahawia na unabonyea kama ndizi iliyooza, huo umekwenda. Mche wenye majani chini ya sita moyo wake bado uko ndani ya udongo, kwa hiyo majani ya juu kukauka hayatoshi kuuhukumu. Mvua ikinyesha, subiri siku tatu hadi tano ndipo uamue. Mtama usiuguse kabisa. Huo hulala wakati wa ukame na kuamka mvua ikirudi.

Sehemu iliyokufa, panda choroko au kunde. Choroko ya siku 65 iliyopandwa tarehe 25 Februari inavunwa mwanzoni mwa Mei, na maua yake yanatoka mwanzoni mwa Aprili wakati unyevu bado upo. Mwisho wangu wa kupanda ni tarehe 10 Machi. Baada ya hapo mbegu ibaki ndani, hata jirani akipanda.

Na usipande kwa sababu umesikia ngurumo. Pima. Kopo la kupimia mvua liwe na pande zilizonyooka, mdomo na kitako upana mmoja, liwekwe mahali pa wazi mbali na mti na paa. Soma kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwaga. Chupa ya soda iliyokatwa ina mabonde kwenye kitako na inadanganya. Ukilazimika kuitumia, mimina maji hadi yafunike mabonde, chora mstari hapo, na huo ndio sifuri yako. Kila usomapo, rudisha maji kwenye mstari. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Nataka milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu. Milimita 5 za jioni moja huotesha mbegu na kisha kuiua.

Halafu chimba kwa jembe sehemu tatu za shamba, weka rula shimoni. Unyevu ufike sm 20. Kwenye mfinyanzi maji hayashuki haraka kama kwenye mchanga, kwa hiyo shamba la bondeni linaweza kuwa tope juu na vumbi sm 10 chini. Nimeona watu wakipima kwa kisigino. Kisigino si rula.

Kwa choroko, mistari iachane sm 50, shimo hadi shimo sm 10 kwa mbegu moja moja, kina sm 3 hadi 5. Kwa kunde zinazosimama, sm 50 kwa sm 20, mbegu mbili. Palizi imalizike ndani ya wiki tatu za kwanza. Ukaguzi wa wadudu uanze vitumba vya maua vinapotokeza. Ukilazimika kupuliza dawa, iwe jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

Miche ikisimama sawasawa siku ya saba, umefaulu.

Mbegu ya mahindi iliyobaki mfukoni ina dawa, ndiyo maana ina rangi. Haisagwi, haikaangwi bisi, na kuku hawapewi. Ifunge vizuri, iweke pakavu penye kivuli, watoto wasifikie, na usome tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mfuko kabla ya kuipanda Novemba au Desemba.