Kuandaa Le Grand Voyage sebuleni: ulinde ukimya wake

Filamu hii ya Ismaël Ferroukhi, ya mwaka 2004, inamfuata mzee wa Kimoroko aishiye kusini mwa Ufaransa ambaye ameamua kwenda hija kwa gari. Dereva ni mwanawe Réda, kijana aliye karibu na mitihani ya mwisho ya sekondari, na hakutaka kwenda. Wanapita Italia, nchi za Balkani, Uturuki, Syria na Jordan. Ni dakika 108, na sehemu kubwa ni watu wawili garini wamenyamaza. Kila unachokiandaa kiwe cha kuulinda ukimya huo.

Anza na maandishi ya tafsiri, yale yanayotokea chini ya picha. Faili lake lipe jina lilelile la faili la filamu, yakae folda moja, kisha fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta. Angalia dakika ya 5, halafu ruka hadi ya 95. Yakichelewa kwa kiasi kilekile kote kuwili, bonyeza G kuyawahisha. Yakitangulia, bonyeza H. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Yakiwa sawa mwanzoni na kuachana na sauti mwishoni, G na H hazitakusaidia: faili limetengenezewa kasi nyingine ya picha. Tofauti ya picha 24 na 25 kwa sekunde, hadi filamu hii iishe, inapita dakika 4. Tafuta faili jingine.

Waambie wageni wasisome tu, wasikilize pia. Baba husema Kiarabu cha Moroko, kijana humjibu Kifaransa. Maandishi huzigeuza lugha hizo kuwa moja, na hapo nusu ya ugomvi wao inapotea. Sikio la Mswahili limekizoea Kiarabu, litatofautisha bila taabu.

Kwenye televisheni, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, kinachoifanya filamu ionekane kama tamthilia. Sauti ipime kwa mazungumzo ya chini ya garini, feni ikiwa imewashwa kama itakavyokuwa usiku huo. Na asiwepo wa kutafsiri juu kwa juu. Mtindo wa DJ wa vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, una ufundi wake na unazifaa filamu za mapigano. Hapa utajaza mahali palipoachwa wazi makusudi.

Mapema safarini, kijana akiwa usingizini, baba anaitupa simu ya mwanawe kwenye pipa la taka. Watu watacheka au watakasirika. Usisimamishe filamu kueleza. Jibu linakuja baadaye, Réda anapomuuliza baba kwa nini hakupanda ndege: maji ya bahari, anasema, hupoteza uchungu wake yanapopanda mawinguni. Kama unamnong'oneza bibi tafsiri, sema "uchungu", usiseme "chumvi". Chumvi ni ladha tu. Uchungu tunaubeba moyoni pia, na ndio mzee anaotaka uishie njiani, kilomita kwa kilomita. Ndege isingempa muda huo, wala kijana mwenye simu mkononi asingeupata.

Katika Balkani anapanda mwanamke mzee aliyevaa nguo nyeusi. Mtu atauliza ni nani. Filamu haisemi, nawe usibuni.

Mkihitaji mapumziko, simamisheni kwenye mpaka wa nchi, si katikati ya barabara, kwa sababu kila mpaka hufungua sura mpya. Wakishaingia Makka msisimame tena. Matukio yale yalipigwa hukohuko, katikati ya mahujaji wenyewe, na umati ule unahitaji kutazamwa kwa mfululizo.

Kama kuna mgeni aliyefiwa na mzazi hivi karibuni, mwite pembeni kabla hamjaanza, umwambie kwamba dakika 15 za mwisho ni nzito. Majina yakianza kupanda kwenye skrini, taa zibaki zimezimwa mpaka yaishe.